KONDOO HANA KISIKI

Hotuba ya Mwenyekiti wa Kikundi katika sherehe ya kutimiza miaka 10, Kiloleli

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani,
Ndugu Viongozi wa Serikali ya Kijiji,
Bwana Mifugo,
Viongozi wetu wa dini,
Wazee wetu, na akina baba mliotuunga mkono,
Akina mama wenzetu,
Mabibi na Mabwana,



Kikundi chetu kilianza mwaka 2015 chini ya mwembe, na sanduku la bati lenye kufuli 3. Waliotuona siku ile walisema hawa akina mama watagombana kabla pamba haijavunwa. Kugombana tumegombana, hatuwezi kuficha. Lakini leo ni mwaka wa 10, kufuli ni zile zile 3, na sanduku lipo.

Mambo ya hisa, mikopo na marejesho ameyaeleza Mweka Hazina katika taarifa yake, nayo imechapwa humu humu katika kijitabu hiki. Hatutayarudia. Sisi wa Kamati tumeomba muda wenu kwa jambo moja tu, ambalo Mkutano Mkuu wa mwezi ujao utalipigia kura. Jambo lenyewe mnalijua, maana linazungumzwa kisimani, linazungumzwa mnadani. Je, kondoo wetu wekundu tuwauze wote tununue wale wakubwa wa kisasa, au tuwabakize?

KONDOO WALIINGIAJE KATIKA SANDUKU

Kwa faida ya wageni tueleze kidogo. Mwaka wa kwanza tuliweka fedha, tukakopeshana, mwisho wa mwaka tukagawana. Kila mmoja alirudi nyumbani na chake amekifunga kwenye khanga. Baada ya mwezi mmoja ukiuliza kiko wapi, hakipo. Kimekwenda msibani, kimekwenda kwenye deni la duka, kimekwenda. Ndipo tukakubaliana kwamba sehemu ya mfuko iwe na miguu.

Tulinunua majike 6 na dume 1, wote wekundu wa hapa hapa kijijini. Utaratibu ukawa kopa kondoo, lipa kondoo. Mwanachama anapewa majike 2. Wakizaa, anarudisha watoto 2 wa kike wakishaacha kunyonya, nao wanakwenda kwa mwenzake anayefuata. Waliobaki ni mali yake. Yote yanaandikwa katika daftari: tarehe, alama ya sikio, rangi, na jina la mama mwenye kondoo.

Watu wanauliza kwa nini tusianze na ng'ombe. Jamani, sote hapa tunajua ng'ombe ni wa nani. Ng'ombe ana baba, ana wajomba, ana mahari, ana wazee wa kumjadili. Kondoo humlisha mama mwenyewe na watoto wake, kwa majani ya viazi vitamu, kwa mabua ya mtama na maganda ya choroko. Anabeba mimba miezi 5 tu. Tena huwezi kuuza mguu mmoja wa ng'ombe ili ununue sare ya shule, lakini kondoo mmoja unaweza kumpeleka mnadani asubuhi, mchana mtoto ana sare.

Tunaye mwenzetu mmoja hapa, amekubali tumseme bila kumtaja. Alifiwa na mume wake. Kabla matanga hayajaisha, ndugu wa marehemu walihesabu ng'ombe, wakahesabu majembe, wakahesabu hata mabati. Walipofika kwenye kondoo, akina mama wa kikundi walikwenda na daftari. Likafunguliwa mbele ya wazee. Majike 2 waliotolewa tarehe fulani, wamezaa, deni limelipwa, waliobaki ni wa mama huyu. Wazee walisoma, wakanyamaza, kondoo wakabaki. Wale kondoo ndio waliomlishia watoto mwaka ule.

Kwa hiyo mtu akisema tunapoteza muda kujadili kondoo, tunamwambia hapana, ndugu. Tunajadili kitu pekee ambacho wengi wetu tunakimiliki kwa jina letu.

KONDOO WENYEWE NI WA NAMNA GANI

Kondoo wetu ni wa ile jamii ya mkia mnene ya Afrika Mashariki. Hana sufu ya kunyoa, ana nywele fupi kama mbuzi. Wengi ni wekundu kama udongo wa kichuguu, wengine wana mabaka. Ule mkia ndio ghala lake: wakati wa majani ananenepa mkia, wakati wa kiangazi anakula kilichomo mkiani. Ni ndugu wa karibu wa kondoo wekundu wa Kimasai wanaofugwa kaskazini mwa nchi yetu na kusini mwa Kenya.

Ni mdogo. Hilo hatubishani. Ukimsimamisha mnadani karibu na kondoo wa aina ya Dorper, mweupe mwenye kichwa cheusi, mnunuzi atampita wa kwako kama hajamwona. Baadhi yetu tuliona mifugo ya kisasa katika maonesho ya Nane Nane, yalipofanyika kitaifa hapo Nyakabindi mwaka 2018, 2019 na 2020, tukarudi tunahesabu vidole. Katika kikao chetu kilichopita, mama mmoja mwenye watoto 3 sekondari alisema: "Ninyi mnapenda rangi, mimi nataka kilo." Alipigiwa makofi, na alistahili, maana ada haikubali kulipwa kwa rangi.

Basi na tuzungumze juu ya kilo.

Dorper si kondoo mbaya. Alitengenezwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930, kwa kuchanganya kondoo wa Kiingereza aitwaye Dorset Horn na yule aitwaye Persian mwenye kichwa cheusi. Ndiyo maana jina lake limeunganishwa, Dor na Per. Huyo Persian naye, pamoja na jina lake, asili yake ni kondoo wa Kisomali. Kwa hiyo hata huyu mgeni bibi yake ni Mwafrika. Alitengenezwa kwa ajili ya sehemu kavu, anakua upesi, ana nyama. Penye malisho mazuri, dawa ya uhakika na mfugaji mwenye uwezo, anamfaa mwenyewe.

Shida ni mbuga zetu wakati wa masika.

ADUI ASIYEONEKANA

Bwana Mifugo ametufundisha, na sisi tunawaambia wengine. Katika tumbo la kondoo anakaa mnyoo mwembamba anayenyonya damu. Jike mmoja wa mnyoo huyo hutaga maelfu ya mayai kwa siku moja. Mayai yanatoka na kinyesi, yanaanguliwa malishoni, na vile vitoto vinapanda kwenye jani lenye umande. Kondoo akila jani, amekula mnyoo. Mvua ikizidi, minyoo nayo inazidi. Kondoo anapungukiwa damu, anavimba chini ya taya, anajitenga na wenzake, siku moja unamkuta amelala na majani mdomoni.

Kumjua mgonjwa si kazi ngumu. Funua utando wa ndani wa jicho. Ukiwa mwekundu, damu ipo. Ukiwa mweupe kama karatasi, muwahi. Wala si vizuri kuwanywesha dawa wote kila mara kwa mazoea, maana minyoo nayo inazoea, mwisho dawa inakuwa kama maji. Na wakati wa mvua usiwatoe alfajiri, ngoja umande ukauke.

Sasa, mvua za El Nino zilizoanza mwishoni mwa mwaka 2023 zilitufundisha. Wenzetu wawili walikuwa na chotara 5, walionunuliwa kwa fedha halali na kutunzwa vizuri kuliko kondoo wote wa kikundi. Hatusemi kumcheka mtu, walifanya kila walichoelekezwa. Masika yale chotara walinyweshwa dawa mara 3, na 3 kati ya 5 wakafa. Katika zizi hilo hilo, wakila malisho hayo hayo, wekundu walikuwa 7. Aliyehitaji dawa ni ajuza mmoja, naye alipona.

Mtu anaweza kusema hao ni kondoo 12 tu, ni bahati. Haya, tusikilize waliopima wengi. Huko Diani, pwani ya Kenya, ambako mvua na joto ni neema kwa minyoo, watafiti wa mifugo waliwafuga pamoja kondoo wekundu wa Kimasai na Dorper, tangu mwaka 1991 hadi 1996. Walihesabu mayai ya minyoo katika kinyesi, wakapima damu, wakahesabu vifo. Wana-kondoo wekundu walikuwa na mayai machache zaidi, damu nzuri zaidi, na walikufa wachache zaidi. Walipojumlisha hesabu yote, kundi la wekundu ndilo lililoleta faida kubwa katika mahali pale, pamoja na udogo wao. Kinga ile imo katika damu, inarithiwa kutoka kwa mama na baba kwenda kwa mtoto.

Kwa hiyo kilo zihesabiwe, lakini zihesabiwe zote. Wengi tunahesabu kilo za kondoo aliyefika mnadani, tunasahau kilo za aliyefukiwa nyuma ya zizi. Tuchukue mfano wa mama mwenye wakubwa 5, wakifa 2 amebaki na 3, na fedha ya dawa imekwishatoka. Jirani yake ana wadogo 5, na wote 5 wapo. Wa kwanza anaweza bado kupata zaidi mwaka wa malisho mazuri. Lakini mwaka mbaya ndio unaotuvunja sisi, na sanduku letu tuliliunda kwa ajili ya mwaka mbaya.

YALIYOWAPATA MAJIRANI

Wapo wanaosema: tuuze wote sasa, wakubwa wakitushinda tutanunua tena wekundu. Hoja hii ndiyo inayotutia hofu kuliko zote, kwa sababu majirani zetu Kenya walikwisha kuipitia njia hiyo.

Mpaka katikati ya miaka ya 1970 kondoo wekundu walijaa katika nchi ya wafugaji huko Kenya. Ndipo madume ya Dorper yakasambazwa kwa msaada wa Serikali, kwa bei nafuu. Wafugaji waliyapokea kwa furaha, lakini hawakuelekezwa namna ya kuchanganya na kubakiza mbegu ya asili. Kila mtu alipandisha kila jike. Baadaye, katika sehemu nyingi zenye ukame na minyoo, chotara walionekana hawawezi. Wengine wakataka kurudi kwa wekundu. Wakatafuta. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, yenye makao yake Nairobi, nayo ilitafuta wekundu safi wa kununua. Ilibidi kwenda mbali sana, wakapatikana wachache, na hao nao walipochunguzwa baadaye wakaonekana wana damu ya mchanganyiko.

Hakuna aliyewachinja kondoo wekundu wakaisha. Walimalizwa zizini, kwa kupandishwa. Hesabu yake ni ya darasa la tano: jike mwekundu akipandwa na dume wa kigeni, mtoto ana nusu ya damu yetu. Mtoto huyo akipandwa tena na wa kigeni, mjukuu ana robo. Kitukuu ana sehemu 1 ya 8. Kondoo wanaongezeka zizini na mbegu inapungua, na mwenyewe anafurahi kwa sababu anaona wanaongezeka.

Si sisi peke yetu tunaoliona. Mwaka 2007 nchi nyingi zilikutana mji wa Interlaken, Uswisi, chini ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, wakapitisha mpango wa dunia nzima wa kutunza mbegu za mifugo ya asili.

TUKUMBUKE NGITILI

Wazee waliopo hapa ni mashahidi wa jambo tunalotaka kulisema sasa. Nchi hii ya Usukuma ilifyekwa miti yake miaka mingi, kwanza kufukuza mbung'o, tena kupata mashamba ya pamba. Kufikia miaka ya 1980 sehemu nyingi zilikuwa vumbi. Akina mama tulikuwa tunatembea nusu siku kutafuta kuni, na wengine tukapika kwa kinyesi cha ng'ombe.

Mwaka 1986 Serikali ikaanzisha HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Wakati huo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa chini ya Mkoa wa Shinyanga, kabla ya Simiyu kuwa mkoa mwaka 2012. Kilichofanikiwa zaidi kuliko miche ya kitalu kilikuwa ni desturi yetu wenyewe, ngitili, ile sehemu ya malisho inayofungwa masika ili mifugo ipate majani kiangazi. Mwanzoni ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta 600 hivi. Miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000.

Miti ile ilitoka wapi? Mingi haikupandwa na mtu. Ilichipua yenyewe. Tulipoacha kukata na kulisha, visiki vilivyokuwa chini ya ardhi miaka yote vikatoa machipukizi. Babu alikata, lakini hakung'oa mzizi. Mzizi ukatusubiri.

Akina mama wenzetu, kondoo hana kisiki. Jike mwekundu wa mwisho akishapandwa na dume wa kigeni, na watoto wake nao wakapandwa hivyo hivyo, hakuna mzizi unaobaki ardhini kusubiri mvua. Tutakapotaka kurudi hatutakuta pa kurudia. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Msala uje, tuutandike, lakini mbachao tusiutupe.

TUNACHOPENDEKEZA

Kamati haisemi tumkatae mgeni. Yule mama wa kilo ana haki yake, na watoto wake wana haki ya kusoma. Tunapendekeza hivi:

1. Kila mwanachama abakize majike 2 wekundu wasiochanganywa, na hao wapandwe na dume mwekundu tu. Hao ndio kisiki chetu.

2. Dume wa kikundi awe mwekundu. Kila baada ya miaka 2 abadilishwe na wa kijiji kingine, asije akapanda binti zake mwenyewe.

3. Mwenye majike zaidi ya hao 2, akitaka, ruksa kuwapandisha kwa Dorper. Lakini chotara wote, wa kiume na wa kike, wauzwe kwa nyama. Wasibakizwe kuzaa, wala wasilipiwe deni la kikundi. Deni la mwekundu linalipwa kwa mwekundu.

4. Kwa kuwa kondoo wote wanachunga pamoja, madume yasiyotakiwa kupanda yahasiwe, au yafungwe kipande cha ngozi chini ya tumbo kama wanavyofanya Wamasai. Njia hiyo haina gharama, na wao wameitumia miaka na miaka.

5. Daftari liongezwe safu moja: nani alinyweshwa dawa ya minyoo masika, na nani hakuhitaji. Dume wa mbegu achaguliwe kwa mama ambaye hakuhitaji. Tukimchagua kwa ukubwa peke yake tutajidanganya.

6. Tuombe Serikali ya Kijiji itutengee ngitili ndogo ya kondoo na ndama, nasi tutailinda kwa zamu.

Ndugu Mgeni Rasmi, ombi letu kwako ni hilo la 6. Hatuombi fedha leo. Tunaomba majani.

Kwa akina baba tunasema ahsanteni. Wapo kati yenu mliotucheka mwanzoni, leo ndio mnaotukumbusha siku ya hisa. Tunawaomba jambo moja zaidi: mtakapomleta dume mgeni kijijini, tuambieni kwanza, tufunge majike yetu.

Kwa vijana wetu: daftari hili litakuja mikononi mwenu. Huenda ninyi mtakuwa na mabwawa, mashine na dawa tusizozijua sisi. Mtachagua wenyewe kondoo wa kufuga. Ila ili mtu achague lazima akute vitu viwili mbele yake. Akikuta kimoja amekwishachaguliwa na waliomtangulia.

Akina mama, mwezi ujao tunapiga kura. Kila mmoja anayo kura moja, mwenye hisa nyingi na mwenye hisa moja. Nendeni nyumbani, fungueni macho ya kondoo wenu mwangalie rangi, mpige hesabu, mje mseme. Kura ikienda kinyume na Kamati, tutaiheshimu na tutaiandika. Lakini aliyenyamaza asije akalalamika kisimani.

Tunawatakia sherehe njema, na miaka 10 mingine yenye heri.



Akina mama oyee!